Kioo na Maji

Msomaji wangu, ikiwa unazisoma kurasa hizi darasani, yamkini pana dirisha karibu nawe. Litazame kidogo. Mvua za masika zimelipiga miaka mingi, vumbi la barabara limelisugua, vidole vya wanafunzi waliokutangulia vimelishika, nalo lingali likipitisha nuru. Ubao wa fremu umeoza pembeni, misumari imeshika kutu, rangi imebanduka; kioo kiko vile vile. Kwa ushahidi wa namna hii mimi nilifundisha kwa muda wa miaka minane kwamba kioo hakiliwi na kitu. Nilikuwa nikiongeza, nisije nikapingwa na kitabu, kwamba iko asidi moja tu iwezayo kukila, nayo haimo katika maabara yetu. Wanafunzi waliyaandika maneno hayo katika madaftari yao, wakanirudishia wakati wa mitihani, nami nikayatia alama ya sahihi kwa wino mwekundu.

Nataka kukueleza jinsi nilivyolazimika kuyafuta.

Shule ninayofundisha iko upande wa magharibi wa Nairobi, mwendo mfupi kutoka Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapoachana na Barabara ya Ngong na ambapo idara ya hali ya hewa ina makao yake. Maabara yetu ni chumba kimoja chenye sinki mbili na kabati ambalo kila mwalimu aliyepita ameacha ndani yake kitu asichotaka kuhama nacho. Mwisho wa mwaka 2023, siku chache kabla ya kufunga shule, nilibakiwa na maji ya haidroksidi ya sodiamu, ambayo watengenezaji wa sabuni huyaita kostiki soda. Chupa yake ya plastiki ilikuwa imepasuka. Nikafungua kabati, nikatoa chupa nzuri ya kioo kizito yenye kizibo cha kioo kilichosuguliwa kikalingana na shingo yake, nikayamimina humo, nikaifunga, nikaenda likizo.

Chuoni nilipojifunza ualimu tuliambiwa tusihifadhi alikali kali katika chupa yenye kizibo cha kioo. Naikumbuka hata sauti ya mkufunzi aliyesema hivyo. Walakini niliichukua kanuni bila kuuliza sababu yake, na kanuni isiyo na sababu ni nyepesi kusahaulika kwa mtu mwenye haraka ya kwenda kwao.

Januari tulipofungua, nilimtuma msichana mmoja wa Kidato cha Tatu ailete chupa ile mezani. Akaileta, akajaribu kukizungusha kizibo, kikakataa. Mimi nilikuwa naandika ubaoni, nimempa kisogo. Akasema, "Mwalimu, hakifunguki." Nikamjibu pasipo kugeuka, "Kaza mkono." Akakaza. Shingo ya chupa ilivunjika mkononi mwake wa kulia, ikampasua kiganja kutoka shina la kidole gumba mpaka karibu na kidole cha mwisho, na maji yale makali yakaingia katika jeraha. Tuliuweka mkono chini ya bomba kwa muda ambao mimi siwezi kuukadiria; kisha tukampeleka hospitali, akashonwa.

Kesho yake mama yake alikuja shuleni. Ni mama mfanya biashara ya nafaka sokoni Kawangware, na nilitazamia makelele, kwa sababu nilistahili makelele. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, mkono huo ndio wa kuandikia." Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Hicho kizibo kilishikwa na nini?"

Nilimwambia kwamba nilikosa mimi, na kwamba nitamjibu swali lake.

Jibu, msomaji, lilikuwa katika rafu ya vitabu nyuma ya kiti changu. Kioo cha dirisha na cha chupa hufanywa kwa mchanga safi, ambao ni silika, uliochanganywa na magadi na chokaa, vikayeyushwa pamoja katika tanuri. Kwa kila sehemu 100 za kioo hicho, sehemu 70 na zaidi kidogo ni silika, sehemu 13 au 14 hutokana na magadi, na sehemu kumi hivi hutokana na chokaa. Magadi huwekwa ili mchanga uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Lakini mchanga na magadi peke yake hufanya kioo kinachoyeyuka majini kama sukari. Ndicho hicho kinachouzwa hali ya maji mazito na kutumika kama gundi. Chokaa hutiwa ili kukizuia kisiyeyuke. Kukizuia, nasema, maana hakikizuii kabisa. Alikali kali huirudia silika, huing'oa kidogo kidogo katika uso wa kioo, na penye nafasi nyembamba kama ile kati ya shingo na kizibo hufanya gundi ile ile na kuikausha. Kizibo changu kilikuwa kimegandishwa na kioo kilichoyeyuka kutoka katika chupa yenyewe, wiki kwa wiki, huku mimi nikila sikukuu.

Kwa kuwa kosa langu lilifundishwa mbele ya darasa, niliona haki kulisahihisha mbele ya darasa. Nilichukua kipande cha chupa iliyovunjika, nikakitwanga katika kinu kidogo cha maabara mpaka kikawa unga, nikatia maji safi na matone mawili ya fenolfthalini, ile dawa isiyo na rangi inayogeuka waridi ikutanapo na alikali. Unaweza kulifanya jaribio hili wewe mwenyewe ukiwa na mwalimu wako, ila ufunike macho kwa miwani na usivute vumbi lake. Maji yalikuwa waridi kabla sijamaliza kusema. Maji matupu, bila ya kostiki soda yoyote, yalikuwa yamekwisha kuingia katika kioo na kutoa sodiamu. Vijana walinyamaza. Mmoja akauliza kwa nini basi dirisha halitoki rangi. Nikamwambia kwamba dirisha lina uso mmoja mdogo, lakini ukilitwanga unakifunulia kioo kile kile nyuso elfu na elfu, na maji hula kupitia uso. Lifikirie hilo, kwa maana tutalirudia.

Hapo nilidhani nimelipa deni.

Mwaka huo 2024 ulikuwa wa mafuriko, hata muhula wa pili ukachelewa kufunguliwa. Mwezi wa Mei magazeti yalieleza jinsi wakazi wa Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, walivyoandamana kupinga mpango wa kujengwa kinu cha umeme wa nyuklia katika pwani yao. (Baadaye mazungumzo ya serikali yaliuelekea upande wa Siaya, na hadi ninapoandika haya Kenya haijajenga kinu hata kimoja cha namna hiyo.) Chama cha majadiliano cha shule kikaichukua mada, na ukumbi ukajaa. Kijana mmoja wa Kidato cha Nne, msemaji hodari, alikuwa akitetea ujenzi. Alipofika katika habari ya taka alisema hivi: taka zenye mionzi mikali huyeyushwa pamoja na kioo, zikawa kitu kimoja nacho, na kioo hakiliwi na kitu, mwalimu wetu wa kemia ndiye aliyetufundisha.

Alikuwa amefundishwa nami miaka mitatu nyuma. Masahihisho yangu ya waridi hayakumfikia, na wangapi wengine hayakuwafikia sijui; wengi wao wamekwisha kuwa watu wazima, wametawanyika na sentensi yangu vichwani mwao.

Yule msichana aliinuka. Kovu lilikuwa bado jekundu, na alikuwa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu vidole viwili vya kulia havikukunjika sawasawa. Hakuuinua mkono ili uonekane; aliuinua kwa kuomba ruhusa ya kusema. Akauliza, "Kioo hicho wanachotumia, kinaliwa kwa mwendo gani?"

Msemaji hakuwa na jibu. Wote walinigeukia mimi, nami sikuwa nalo. Nikawaomba wanipe muda, na sehemu kubwa ya likizo ya Agosti niliitumia kulitafuta.

Sikiliza basi nilichokikuta. Fueli ya kinu cha nyuklia ikiisha kutumika, mataifa mengine huiyeyusha katika asidi ya naitriki ili kuitoa urani na plutoni zifaazo kutumika tena. Hubaki maji machafu yenye mionzi mikali mno na moto wake mwenyewe. Maji hayo hukaushwa, unga wake ukachanganywa na vipande vya kioo katika tanuri la nyuzi 1,100 hivi, na ule uji mwekundu ukamiminwa katika mapipa ya chuma kisichoshika kutu. Wafaransa walianza kazi hiyo kwa kipimo cha kiwanda huko Marcoule mwaka 1978, kisha La Hague. Waingereza wakafuata huko Sellafield, na Wamarekani huko Savannah River mwaka 1996. Pipa moja la La Hague hubeba kiasi cha kilo 400 za kioo, nalo ni refu kadiri ya mtoto wa darasa la nne.

Kioo chenyewe si cha dirisha. Kina boroni nyingi, ndugu wa kile kinachofanyiwa mabirika ya maabara ya kustahimili moto, isipokuwa silika yake ni chache zaidi, sehemu 45 hivi katika 100, kwa kuwa lazima kiache nafasi kwa taka. Usifikiri kwamba taka zimefungiwa ndani yake kama mende katika chupa. Atomu za sesi na za stronti zimo katika ufumaji wenyewe wa kioo, kama nyuzi za rangi katika kikoi. Haziwezi kutoka mpaka nguo ifumuliwe, na wa kuifumua ni maji peke yake. Ndiyo sababu wenye elimu hii hawaulizi sana kama kioo kitavunjika. Huuliza kitakutana na maji gani.

Maji hufanya kazi mbili. Kwanza chembe za hidrojeni huingia katika uso wa kioo na kubadilishana mahali na sodiamu, kama tulivyoona katika kinu chetu. Kisha maji huanza kukata viungo vya silika na oksijeni ambavyo ndivyo mifupa ya kioo. Kama maji hayo ni mapya na yanatiririka, hukata bila kuchoka. Kwenye joto la nyuzi 90, kioo cha Kifaransa kikioshwa na maji safi yanayobadilishwa daima, hupoteza kiasi cha gramu moja kwa kila mita ya mraba kwa siku. Shika kalamu ukokotoe: kioo hicho kina uzito wa gramu 2.75 kwa sentimita ya ujazo, basi gramu moja katika mita ya mraba ni unene wa mikromita 0.36. Kwa mwaka ni sehemu ya kumi ya milimita na zaidi kidogo. Kwa miaka 1,000 ni sentimita 13. Pipa lina upana wa sentimita 43 hivi. Kwa mwendo huo bonge zima lingekwisha kabla ya miaka 2,000.

Lakini kama maji yametuama, yamebanwa katika nafasi ndogo, jambo jingine hutokea. Silika iliyong'olewa hujaa katika maji hayo mpaka yakashiba, na nyingine hujipanga tena juu ya kioo ikawa utando laini kama jeli, wenye vitundu vidogo mno. Maji mapya hupita kwa taabu katika utando huo. Mwendo hupungua, ukapungua tena, hata ukawa kama sehemu moja katika 10,000 ya ule wa kwanza. Kokotoa upya: kwa miaka 1,000, mikromita 13, ambazo hazifikii unene wa unywele wako. Kioo ni kile kile na joto ni lile lile.

Tofauti hiyo ilinifanya niweke kalamu chini. Mwulizaji wetu alitaka mwendo mmoja, na kumbe mwendo wahesabiwa pamoja na kisima.

Wanapima vipi? Kwa njia ambayo wewe umekwisha kuijua. Hukitwanga kioo, wakachekecha unga wa ukubwa mmoja, wakauweka katika maji ya nyuzi 90 kwa siku saba, kisha wakapima kilichotoka. Hutazama boroni hasa, kwa sababu boroni haikai katika utando ule. Ikitoka imetoka, nayo huwa kama mshtaki mwaminifu wa kiasi kilicholiwa. Wapo pia wasioridhika na siku saba. Huko Chalk River, Kanada, mabonge 25 ya kioo chenye taka halisi yalizikwa mwaka 1958 katika mchanga wenye maji chini ya ardhi, na mengine 25 mwaka 1960, yakafuatiliwa kwa miongo. Strontiamu iliyotoroka ilikuwa ndogo sana, na kadiri miaka ilivyoendelea ilizidi kuwa ndogo.

Hata hivyo miongo ni nini? Sesi-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30. Baada ya miaka 300 hubaki kama sehemu moja ya elfu. Hiyo kioo kizuri kitaingoja. Lakini humo pipani mna pia nepituniamu-237, ambayo nusu yake ya kwanza huchukua zaidi ya miaka milioni mbili. Hakuna mwalimu awezaye kuweka kioo katika maji kwa miaka milioni mbili aone. Basi wataalamu wamelazimika kukitafuta kioo kilichowekwa na wengine. Wamepima mabonge ya kioo cha Kirumi yaliyozama na jahazi karibu na visiwa vya Embiez, Ufaransa, yakakaa baharini miaka 1,800. Na wametazama kioo cha volkano. Niliposoma neno hilo niliona haya, kwa kuwa kioo cha volkano kiko kwetu, na mimi nilikuwa nakitafuta Ufaransa.

Mwezi wa Septemba tuliazima basi la kanisa jirani, tukawachukua wanafunzi 40 mpaka Olorgesailie, katika Barabara ya Magadi. Dereva alinung'unika kutoka Kiserian mpaka tulipofika, kwa ajili ya joto na ubovu wa breki, nami nilikuwa upande wake katika jambo la breki. Pale Olorgesailie wengi huenda kuangalia mashoka ya mawe yaliyotapakaa chini ya daraja la mbao, ambayo akina Leakey waliyafanya mashuhuri miaka ya 1940. Lakini mahali hapo pamefukuliwa pia vipande vya kale vya obsidiani, jiwe jeusi ambalo si jiwe kamili bali ni kioo kilichotapikwa na mlima na kupoa upesi. Wachunguzi waliochapisha habari zake mwaka 2018 walieleza kwamba vipande hivyo vina umri wa miaka 300,000 hivi, na kwamba vililetwa na watu kutoka kilomita 25 hadi 50, na vingine mbali zaidi. Watu walivibeba, wakavichonga, wakavitupa, wakafa, na makali ya visu vyao bado yakata.

Hata hivyo havikuachwa salama kabisa. Maji yameingia katika uso wa obsidiani, polepole, yakafanya gamba jembamba linaloonekana kwa hadubini. Kina cha gamba hilo chaweza kutumika kama saa. Mwaka 1983 Joseph Michels na wenzake walichapisha hesabu za namna hiyo walizozifanya kwa visu vya mlima Eburru, karibu na Naivasha, wakapata umri wa zaidi ya miaka 100,000. Gamba lenyewe lilipimwa kwa mikromita.

Nikawaonya wanafunzi, kama ninavyokuonya wewe, wasikimbilie kushangilia. Obsidiani ina silika nyingi kuliko kioo cha taka, wala haikubeba boroni na mionzi. Ni shangazi yake. Dada yake siyo. Kioo cha volkano cha aina ya basalti chamkaribia zaidi kwa silika, nacho huliwa upesi kuliko obsidiani.

Kisha tuliteremka mpaka Magadi. Ikiwa hujafika huko, fikiria ziwa lililovaa ukoko mweupe na mwekundu, na hewa inayotetema kwa joto, na harufu inayokukaa kooni. Magadi yamechimbwa hapo tangu siku za kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911, nayo hupelekwa mbali kufanyiwa kioo. Nyanya yangu alikuwa akitia donge la magadi katika chungu cha kunde ngumu, nazo zikalainika. Basi yafikirie maji ya ziwa zima yaliyo hivyo, yenye pH ya 10 na zaidi. Majivu ya volkano yaliyoanguka katika maziwa ya namna hii, ambayo nayo ni kioo, hayakukaa miaka 300,000 yakisubiri kutazamwa. Maji ya alikali yaliyayeyusha na kuyageuza kuwa madini mengine yaitwayo zeolaiti. Silika iliyoyeyuka ikajaa ziwani, na sehemu yake ikaganda ikawa madini ambayo Hans Eugster aliyaeleza mwaka 1967 na kuyaita magadiaiti, kwa jina la mahali. Na magadiaiti hatimaye hugeuka kuwa jiwe gumu la jamii ya gumegume. Na jambo hilo lawahusu wenye mapipa. Zeolaiti zikianza kujijenga juu ya kioo cha taka, huila silika ya ule utando wa kinga, na mwendo uliokuwa umetulia huamka tena. Kwa hiyo wanaogopa maji ya alikali kuliko wanavyoogopa nyundo.

Msichana wetu alikuwa amesimama ukingoni, mkono wake umefungwa kitambaa kwa sababu ya jua. Akasema, "Mwalimu, hii ndiyo chupa yetu." Nilichelewa kumwelewa. Alikuwa amekusudia ziwa: kostiki ndani, kioo kando, na miaka ya kutosha.

Safari ya kurudi ilikuwa ya makelele, lakini yule kijana wa Kidato cha Nne, msemaji wa majadiliano, alikuja kukaa karibu nami. Aliuliza kama kwetu kuna taka za namna hiyo. Nikamwambia kwamba taka za vinu vya umeme hatuna, ila tuna vyombo vya mionzi vilivyochoka, vya hospitali na viwanda, na kwamba nchi imevitengenezea mahali pake Oloolua, upande wa Ngong, chini ya mamlaka ya udhibiti iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019. Vitu hivyo havihitaji kioo. Kwa desturi ya dunia hufungwa kwa risasi na saruji, na kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na robo hivi. Kijana alishangaa. Matatu ya kwenda Ngong hupita mbele ya shule yetu, naye alikuwa ameitetea nyuklia kwa dakika saba bila kujua kwamba yuko jirani na swali lake. Mimi nilikuwa nimeishi nalo jirani muda mrefu zaidi.

Akauliza tena, kwa sauti ya chini, angalisema nini siku ile kama angalijua. Nilifikiri mpaka tulipofika Ongata Rongai. Nikamwambia kwamba angaliweza kuutetea ujenzi vile vile, au kuupinga. Lakini neno "hakiliwi" lisingalikuwamo. Angalisema: huliwa kwa kiasi hiki, katika maji haya, kwenye joto hili, na mahali pa kuzika tumepachagua kwa sababu maji yake hayatembei. Wafaransa wanakusudia udongo wa mfinyanzi karibu na kijiji cha Bure, kina cha mita 500, ambamo maji husogea kwa shida mno. Waliomba kibali cha kuujenga mwaka 2023. Je, wa kwetu ungekuwa udongo gani? Hilo lilikuwa swali halali la kuwauliza waliotaka kujenga Uyombo, na mvuvi wa Uyombo alikuwa na haki ya kuliuliza kama profesa.

Nilimwandikia mama yule barua, nikamweleza kizibo kilishikwa na nini. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, nami niliifuta mara nyingi, maana ni vigumu kuandika "nilikuwa najua kanuni" kwa mtu ambaye mtoto wake amelipia kanuni hiyo. Hakujibu kwa barua. Alinitumia salamu na kilo mbili za maharagwe, jambo ambalo lilinitaabisha kuliko matusi.

Bintiye alifanya mtihani wake wa mwisho mwaka 2025, akauandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa zilizolala upande. Kabla ya kuondoka aliomba nafasi katika dirisha la maabara. Alikata vipande vitatu vya kioo cha dirisha, vya ukubwa mmoja, akavipima uzito, akaviweka katika chupa tatu: ya kwanza ina maji ya mvua ambayo hubadilishwa kila Ijumaa, ya pili maji ya mvua yasiyobadilishwa, ya tatu maji ya magadi kutoka ziwani. Kila mwisho wa muhula mwanafunzi mmoja huvitoa vipande, huvikausha, huvipima na kuandika. Mizani yetu husoma sehemu ya mia ya gramu, na mpaka sasa safu zote tatu katika daftari zinaonyesha tarakimu zile zile. Kwa vidole tu waweza kusikia kwamba kipande cha tatu kimeanza kupoteza utelezi wake. Vizibo vya chupa zote ni vya plastiki.